Ngazi ya Wageni

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo wameshusha mashada ya kwanza ya tende, na leo mimi nimeanza kazi. Nayaandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayeyapa uzito sawa. Tende zimeombewa dua, zimeonjwa, zimepelekwa kwa majirani. Kazi yangu imeulizwa swali moja tu, na ami Bakir, "Na hiyo itakuzuia kuchambua tende?"

Haitanizuia. Nitachambua tende mchana na nitalinda mitandao ya zahanati sita za Oran asubuhi na alasiri, nikiwa nimekaa kwenye zulia la mama hapa hapa bondeni. Miezi miwili ya majaribio. Mwisho wa Novemba Bi Wahiba, mkuu wangu, ataamua kama nafasi ni yangu au ya mwingine. Nimesoma miaka mitano kwa ajili ya nafasi hii. Sitaki kuikosa kwa sababu ya sanduku.

Maana tatizo ni sanduku. Rauta ya nyumba hii, sanduku la intaneti, iko juu, katika chumba cha wageni. Iko huko kwa sababu fundi aliyeleta laini alikuwa mwanamume wa nje, akapandishwa ngazi ya wageni kama mwanamume yeyote wa nje, akalifunga pale pale alipokunywa chai. Na tangu ami aanze kupokea wageni wa kulipa, chumba kile hakikauki wanaume. Mimi, ambaye ndiye pekee humu ndani anayejua taa zake zinamaanisha nini, siruhusiwi kulifikia. Likizimika ninamwomba ami. Ami husema, "Mambo ya sanduku niachie mimi," kisha hulipiga kofi.

Jumanne, 8 Oktoba

Joto. Tende. Ami kalipiga kofi sanduku mara mbili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wageni wapya kutoka Algiers, wanaume watatu. Ami kawapa neno la siri la waifai kabla hata hawajavua viatu. Nilimsikia kutoka uani akiwasomea herufi moja moja kwa sauti ya muadhini. Hilo ndilo neno la siri ninalotumia mimi, anatumia Baya mdogo wangu, anatumia mama, na sasa linatumiwa na kila aliyewahi kula tende zetu tangu majira ya kuchipua.

Nikamwambia mama kwamba kila mgeni akiwa juu yuko nasi uani pia, isipokuwa hatumwoni. Mama alikuwa anakoroga mchuzi. "Mwache ami yako, Setti. Usimchokoze wakati wa mavuno."

Siku zote ni wakati wa kitu fulani. Kabla ya mavuno ilikuwa Idi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Niandike polepole, hasira bado ninayo.

Baada ya alasiri tulikuwa chumbani kwetu upande wa wanawake, vichwa wazi. Mama alikuwa anampaka Baya hina kwenye nywele. Televisheni ilikuwa imezimwa. Ghafla ikawaka yenyewe, na sauti ya mwanamume ikanguruma chumba kizima, "Anakwenda, anakwenda, anapiga!" Mpira wa miguu. Baya akapiga kelele akakimbilia kabatini. Mama akavua mtandio aliokuwa nao begani na kuutupa juu ya televisheni, kama kwamba wachezaji wale walikuwa wanatuona. Tukabaki hivyo, watangazaji wakipiga kelele chini ya kitambaa chenye maua.

Nilijua mara moja. Mmoja wa wageni alitaka kutazama mechi kwenye televisheni ya juu. Simu yake ikamwonyesha televisheni mbili, maana zote zimo kwenye mtandao mmoja, akagusa isiyo yake. Jambo la kuchekesha, kama lingeishia hapo.

Lakini yule mgeni, Bwana Murad, mwalimu wa chuo, mpole kabisa kwa walivyosema, alimgeukia ami mbele ya wenzake wote na kumuuliza kwa heshima, "Samahani Hajj, nadhani nimebonyeza vibaya. TV ya Mennana ni ipi?"

Mennana ni mama yangu. Baya ndiye aliyeipa televisheni jina hilo, kwa mapenzi, wakati wa kuifunga. Jina la mama yangu halijawahi kutajwa katika chumba kile tangu nyumba hii ijengwe. Baba mwenyewe akiwa na wageni husema "watu wa nyumbani." Ami Bakir, mdogo wake baba, ameishi miaka ishirini karibu na mama na humwita shemeji, basi. Na sasa mtu wa Algiers, mwenye kikombe cha chai mkononi, analitaja kama jina la duka.

Ami akashuka. Ana kawaida yake: hukohoa mara moja pale kwenye kona ya kuingilia, na kikohozi hakijaisha yeye keshafika uani. Mama hakuwahi hata kuuchukua mtandio kutoka kwenye televisheni. Ilibidi ajifunike kwa taulo la hina.

"Nani," ami akauliza, "kaliandika jina la shemeji hewani?"

Ijumaa, 18 Oktoba

Hukumu imetoka. Waifai ya upande wa wanawake imezimwa. Si ya wageni. Ya kwetu.

Mgeni kakosea, mgeni kataja jina, na anayefungiwa ni mwenye jina. Nikamuuliza ami hesabu hiyo ameipatia wapi. Akanijibu, "Mgeni huwezi kumnyima. Nitamwambia nini, rudi Algiers ukatazame mpira? Nyinyi mko nyumbani, mnaelewa."

"Na kazi yangu, ami?"

"Si una simu?"

Nina simu. Bondeni humu katikati ya mitende simu haishiki kitu. Inashika juu ya paa, upande wa mashariki, ukisimama.

Nilimtazama mama, akainama kuokota tende iliyoanguka. Nakiri kwamba jana nilimkasirikia ami, lakini leo nimemkasirikia mama zaidi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefanya kazi juu ya paa, kitambaa cheupe kichwani, kompyuta chini ya kapu ili jua lisinizuie kuona maandishi. Bi Wahiba kauliza mbona kuna kuku. Nikasema ni wa jirani.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nilidhani nimeshinda, na nataka niandike jinsi nilivyoshinda kabla sijaeleza mengine.

Ami alikuja kuchukua chakula cha wageni. Nikamwambia, "Ami, nina dawa. Mgeni apate mtandao, sisi tupate mtandao, na wasituone milele."

"Tununue sanduku la pili?"

"Sanduku hili hili. Waya huu huu." Kisha nikamuuliza, "Mtu akiingia mlango wetu wa barabarani anakuta nini?"

"Anakuta kona. Unanifanya mtoto?"

"Na baada ya kona?"

"Kushoto ngazi ya wageni. Kulia, uani."

"Ni nyumba ngapi hizo?"

"Moja, Setti. Babu yako kaijenga moja."

"Kuta moja, mlango mmoja, kisima kimoja. Lakini mgeni akikaa mwezi mzima huko juu, atajua uani kuna nini?"

"Asijue kamwe."

"Basi babu aliijua kazi yangu kabla yangu. Kwenye sanduku inaitwa VLAN. Kila kinachopita kwenye waya kinapewa namba ya njia yake. Tuseme cha nyumbani kumi, cha mgeni ishirini. Cha mgeni kinapanda ngazi, kinatoka kwenda duniani, kinarudi kwa ngazi ile ile. Hakijui kama kuna uani. Na televisheni ya mama iko uani."

Ami aliweka sinia chini. Akatazama ile kona ya kuingilia kwa muda, na nikaona uso wake unalegea.

"Kumbe," akasema.

Kumbe ile ilinifurahisha kuliko shahada yangu. Nikasema wageni wakienda matembezini nitapanda nusu saa tu, nitaimaliza. Ami akabeba sinia lake.

"Mambo ya sanduku niachie mimi. Nitamwambia Salah."

Salah ni mtoto wa mjomba, ana duka la simu sokoni Ghardaya. Hubadilisha vioo vya simu. Vizuri sana, sina neno. Vioo.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Salah nikamweleza. Nyumbani kumi, wageni ishirini. Kisahani cheupe cha kurushia waifai huko juu kirushe ishirini, kisahani cha huku uani kirushe kumi. Akarudia vizuri. "Nimekuelewa, binti wa shangazi. Usiwe na wasiwasi."

Jumatatu, 28 Oktoba

Salah amekuja, amepanda, amekunywa chai, ameshuka, amekwenda. Waifai ya kwetu imerudi. Baya alibusu simu. Nimeshuka kutoka kwenye paa na ngozi ya pua imebabuka, lakini nimeshuka.

Alhamisi, 31 Oktoba

Siku tatu nilijidanganya. Nilidhani ni laini ya barabarani inayosumbua, maana wakati wa mavuno kila mtu yuko mtandaoni kutafuta bei. Kurasa zilifunguka kwa kujikokota. Njia ya siri ya kazini, ile inayoniingiza kwenye mitambo ya Oran, ilikataa kabisa. Baya alitaka kuonyesha picha za simu yake kwenye televisheni, simu na televisheni zikawa hazijuani ingawa zimelala kwenye zulia moja. Bi Wahiba alinitafuta mara mbili akanikosa.

Leo nimekaa kitako nikalitazama jina la mtandao niliounganishwa nao. Sikuwa nimelitazama. Nani hutazama jina la mtandao wa nyumbani kwake?

Limeandikwa "Wageni."

Nikachukua simu ya mama. Wageni. Simu ya Baya, televisheni, vyote Wageni. Nikapanda paani, nikaegemea ukuta wa chumba cha wageni, nikatafuta mawimbi yanayotoka juu. "Nyumba." Yenye nguvu zote.

Amefanya kila kitu sawasawa, Salah. Namba ziko sahihi, ukuta kati ya njia mbili ni imara, hakuna kinachovuja. Ila kaiweka nyumba juu ya ngazi na wageni uani. Sisi tuliozaliwa humu ndio ishirini.

Nilimpigia. Sikumsalimu.

"Nilifanya nilivyoagizwa, Setti," akasema. "Nilimwambia ami yako, huu wa wageni tumeufunga funga, una kasi ndogo, hauruhusu mambo ya kazi, wenyewe hawaonani. Akasema, basi huo hauwafai wageni, wape wanawake. Ningefanyaje? Mwenye nyumba ni yeye."

"Na funguo za kubadilisha?"

"Neno la siri la fundi nimempa yeye. Kaniapisha nisimpe mtu."

Ijumaa, 1 Novemba

Sikukuu ya taifa. Bendera, fataki za watoto, nyumba imejaa. Nilimvizia ami pale kwenye kona.

"Mgeni katoka Algiers, siku nzima barabarani," akaniambia, "mimi nimpe mtandao unaokokota miguu? Nitaonekanaje? Mgeni hupewa kilicho bora. Nyinyi ni watu wa nyumbani, mnavumilia."

"Lakini sisi ndio tulioandikwa wageni."

"Jina ni jina tu."

"Wiki mbili zilizopita jina lilikuwa balaa."

Bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma, akasema, "Setti, ulitaka njia mbili, umepata njia mbili. Jina la shemeji halitajwi tena. Tatizo limekwisha. Nani mwingine analalamika?"

Nikageuka nyuma. Mama alikuwa pale na bakuli la kuskusi ya Ijumaa, nyama juu, mboga pembeni, tayari kupandishwa. Akampa ami bakuli. Akarudi jikoni.

Jumatano, 6 Novemba

Paani tena. Upepo wa mchanga. Nimekula mchanga, kompyuta imekula mchanga. Mara tatu nimekatika katikati ya mazungumzo na Oran. Bi Wahiba hakupandisha sauti, na hilo ni baya zaidi. "Setti, unajua kazi yako. Lakini mtu ninayemhitaji ni yule ninayempata nikimtafuta."

Kisha akanipa mtihani wa mwisho. Jumapili ya tarehe 24 zahanati mpya inafunguliwa. Nitaiwekea mtandao kutoka hapa: madaktari na mafaili ya wagonjwa njia yao, watu wanaosubiri foleni njia yao ya wageni, wasionane. Asubuhi moja, yeye akiangalia. Nikiweza, nafasi ni yangu.

Nilicheka peke yangu juu ya paa mpaka yule kuku akaruka. Nitatenganisha wageni na wenyeji katika mji ambao sijawahi kuukanyaga. Huku kwetu mimi ndiye wa foleni.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia baba, yuko dukani kwake Setif, mji wa mbali. Nimemweleza yote, kumi na ishirini, ngazi na uani. Akasikiliza hadi mwisho. Nilisikia mkasi ukikata kitambaa.

"Maneno yako yana haki," akasema. "Zungumza na ami yako."

Miaka yote baba hunipa haki na kunirudisha kwa ami. Haki ninazo za kujaza ghala.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua. Wiki ya kushusha tende za mwisho, zile bora, na mvua. Zikilowa zinachacha kwenye mashada. Wanaume wote walipanda mitende kufunika kwa mifuko. Ami Bakir naye alipanda, na goti lake bovu, mzee wa miaka sitini na kitu, mguu mmoja kwenye visiki vya makuti shinani. Nilimwona kutoka paani, amelowa chapa chapa, anafunika mtende wa jirani kabla ya wetu kwa sababu jirani yuko safarini.

Sikupenda kuyaona hayo, kwa sababu nilishazoea kumkasirikia. Ami si mchoyo. Angempa mtu shati la mwilini. Kosa lake ni kwamba akishatoa cha kwake anaendelea kutoa na vya wengine, na wala haoni mahali mkono wake ulipoishia na wetu ulipoanzia.

Mama alimpelekea supu. Nimebaki na hasira zangu, ila sasa zinanichosha.

Jumatano, 20 Novemba

Leo mama ameketi karibu yangu nilipokuwa nakunja kompyuta. Simu yake mkononi. Akaniuliza, "Hili neno hapa juu, Wageni. Ni nani hao?"

"Ni sisi, mama."

"Sisi kina nani?"

"Wewe, mimi, Baya. Wa juu wanaitwa Nyumba."

Akauliza nani kalichagua. Nikamwambia. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akauliza kama Jumapili nitafanya mtihani wangu juu ya paa. Nikasema ndiyo, kama upepo utanihurumia, na kama hautanihurumia basi tena, tende zipo za kuchambua.

Mama aliitazama ile simu kwa muda mrefu. "Mimi nilidhani ni wewe tu unayegombana na ami yako," akasema. "Sikujua kwamba nimeandikwa."

Akaenda kuteka maji.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeamka leo nikakuta moto haujawashwa.

Jana jioni zimefika familia mbili kutoka Batna, kwa ajili ya tende. Wanaume wamepanda ngazi yao, wake zao wawili wameingia kwetu uani kama ilivyo kawaida. Na leo ni Ijumaa. Ijumaa katika nyumba hii kuskusi hupanda mvuke kuanzia asubuhi, na wanaume wakirudi msikitini huikuta. Haijawahi kutokea vinginevyo, hata siku aliyozaliwa Baya, maana Baya alizaliwa Ijumaa na kuskusi ilikuwepo.

Mama alikuwa ameketi kwenye zulia jipya, lile tunalowatandikia wageni, mgongo kwenye mto. Amevaa gauni lake la harusi za watu. Mkononi hana kitu. "Kaeni," akatuambia mimi na Baya. "Vaeni vizuri kwanza."

Wake wa Batna walitoka chumbani wakatukuta hivyo, tumejipanga kama picha. Mama akawaeleza kwa maneno machache na utulivu mwingi. Yule mkubwa, Bi Zuleikha, alicheka hadi akakamata ukuta. Kisha akavuta mto, akakaa upande wa mama. "Nami ni mgeni basi," akasema. "Nimelipa kabisa."

Baada ya swala kikasikika kikohozi pale kwenye kona, na ami huyo uani, mikono tayari kwa kupokea bakuli. Alipoona wanawake wageni akarudi nyuma ya kona haraka. Mazungumzo yote yaliyofuata yalifanyika kupitia kona, yeye upande wake, mama upande wake.

"Shemeji, chakula?"

"Karibu, Bakir. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Mnaningoja mimi?"

"Na chakula."

Kisha, "Shemeji, unaumwa?"

"Mzima kabisa. Ni mgeni tu. Tangu mwezi uliopita, wameniambia, ila nilikuwa sijajua. Ningejua ningekaa mapema."

"Ni maneno ya Setti haya."

"Setti hajasema kitu. Nimejisomea. Sanduku lako limetuandika wageni, na wewe ndiye uliyeliagiza. Sasa mimi namjua Bakir. Bakir hamlazi mgeni na njaa. Mgeni wa Bakir hukaa siku tatu bila hata kuulizwa kilichomleta."

Baya alikuwa anajiuma kidole. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa namtazama huyu mwanamke ambaye mwezi mzima nilimhesabu kuwa ni mwoga.

"Shemeji," ami akasema kwa sauti ya chini, "wenyewe wako juu, wana njaa."

"Wenyewe wakiwa na njaa," mama akajibu, "jikoni ni kulia."

Alisimama nyuma ya ile kona muda mrefu. Tuliona kivuli chake. Mgeni hanyimwi, alishasema mwenyewe. Kumwambia mama inuka upike ni kumwinua mgeni zuliani, na kumwambia wewe si mgeni ni kukubali kwamba kaandika uongo. Hatimaye kivuli kikaondoka.

Akarudi baada ya kitambo kirefu na sinia. Mikate ya dukani, dagaa wa kopo, nyanya zilizokatwa na mtu ambaye hajawahi kukata nyanya, na tende. Tende bora, zile za juu, za mtende wa babu. Akaliweka sinia pale pembeni ya kona na kulisukuma kwa ncha ya fimbo yake hadi likaonekana. "Karibuni," akasema. Bi Zuleikha akaitikia kwa sauti, akasifu nyanya. Akasema atamsimulia mumewe jinsi zilivyokatwa. Nasikia juu walikula vivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza, na kutouliza kwao ndiko kulikomwivisha ami masikio.

Mama alikula polepole, kama mtu aliyealikwa. Alipomaliza akaniambia kwa sauti ya kunitosha mimi tu, "Kama kesho hajaja, nitakaa. Na keshokutwa nitakaa. Mtihani wako ni keshokutwa, sivyo?"

Nilitaka kumwomba radhi kwa niliyomfikiria. Nikambusu kichwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Asubuhi moto haukuwashwa. Ami kaleta kahawa. Ilikuwa mbaya.

Kabla ya adhuhuri akatuma Salah, na Salah kaja hadi kwenye kona na sanduku mikononi, waya zimemning'inia shingoni. "Ami anasema uchague mahali," akaniambia, na hakuniangalia usoni.

Nilichagua kile kijidirisha cha ukutani pale pale kwenye kona, ambamo zamani waliweka taa. Mgeni akipita hakioni, na mimi nakifikia kwa kunyoosha mkono. Salah akavuta waya, mimi nikashika kompyuta. Neno la siri la fundi lilikuwa limeandikwa kwenye pakiti ya sigara. Nimelibadilisha. Uani kumi, juu ishirini. Kasi nimeigawa sawa. Sikuwabana wageni wa juu kwa kisasi, ingawa mkono uliniwasha. Mpira wao watautazama vizuri, kwenye televisheni yao.

Mama alipoona neno Nyumba kwenye simu yake akalivua lile gauni la harusi, akavaa la jikoni, akakunja mikono yake, akaenda kuwasha moto.

Jumapili, 24 Novemba

Nimefanya mtihani nikiwa nimekaa zuliani, mgongo kwenye mto wa wageni. Haikukatika hata mara moja. Bi Wahiba kajaribu mwenyewe kuingia kwenye mafaili ya wagonjwa akitumia simu ya mtu wa foleni, kajaribu tena, kajaribu mara ya tatu kwa ukorofi. Kisha akasema, "Jumapili ijayo uanze rasmi. Na yule kuku?"

Nikasema amerudi kwao.

Nilikuwa bado sijafunga kompyuta, mama yuko jikoni na mvuke wa chungu, kichwa wazi. Nikasikia viatu vya ami pale kwenye kona. Nikasubiri kikohozi, na mama akanyoosha mkono kutafuta mtandio kwa haraka ile ya miaka ishirini.

Kikohozi hakikuja. Viatu vikasimama.

"Hodi, wenyewe," ami akasema kutoka upande wa pili wa ukuta. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo katika nyumba hii.

Mama hakukimbia. Akafunika chungu. Akajifuta mikono, akautandaza mtandio kichwani, akaunyoosha mbele ya kioo kidogo cha jikoni, upande mmoja, kisha upande wa pili. Ami alikuwa bado amesimama.

"Karibu, Bakir," mama akamjibu. "Hapa ni kwako pia."